Fidia ya Treni Iliyokataa Kuvuka

4 Aprili

Kwa Ofisi ya Madai ya Abiria,
Shirika la Reli.

Salamu.

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba kimoja cha kazi, vyerehani vinne, na wanawake watatu ninaoshona nao. Nawaandikia kuhusu treni ya asubuhi ya Jumamosi tarehe 30 Machi, ile ya kuondoka saa moja na dakika ishirini.

Nilipanda na mafurushi mawili. Ndani yake mlikuwa na sare thelathini na moja za wauguzi waliokuwa wanahitimu siku hiyo hiyo, saa sita mchana. Treni ilipaswa kunifikisha saa nne na nusu. Hata ingechelewa saa nzima, wauguzi wale wangevaa, wangejitazama kwenye kioo na muda ungebaki.

Tulisimama porini saa tatu kasoro dakika kumi, mvua ikinyesha, mbele ya daraja dogo ambalo ukipita siku nyingine huwezi kujua kama umepita daraja. Tukakaa. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Dereva alisema tu havuki, na Shirika halikumtuma mtu wa kutueleza lolote. Saa tano na nusu nilishuka na mafurushi yangu, nikatembea hadi barabara kuu, nikabebwa na lori la matofali. Nilifika saa tisa na robo. Wauguzi walikuwa wameshahitimu kwa nguo za nyumbani, wameshapiga picha na kutawanyika. Nilimkuta mlinzi anapanga viti.

Mkuu wa chuo hakunifokea. Angenifokea ningejua la kujibu. Alisema tu, "Fundi, mwaka ujao tutatafuta mtu wa karibu." Kazi ya chuo kile ndiyo inayolipa kodi ya chumba changu karibu nusu ya mwaka.

Nimeambatisha tiketi ya kwenda, iliyotobolewa; tiketi ya kurudi, ambayo haijaguswa kwa sababu nilirudi kwa basi; na stakabadhi ya mizigo. Nataka fidia ya kucheleweshwa, nataka nauli ya kurudi, na nataka kujua ni kwa nini tuliwekwa pale kama magunia.

Tafadhali msinitumie ile barua ya "tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza". Nimeshaipata mara mbili maishani na zote mbili bado ninazo.

Fundi Cherehani
Chumba namba sita, nyuma ya soko la nguo


11 Aprili

Kwa Fundi Cherehani.

Barua yako ya tarehe 4 imepokelewa na kupewa namba 111. Nitaacha kusikitika, kama ulivyoomba, niende kwenye majibu.

Kwa kanuni zetu, fidia ya kucheleweshwa hutegemea sababu. Treni ikichelewa kwa mafuriko au jambo jingine lililo nje ya uwezo wa Shirika, abiria hana fidia. Ikichelewa kwa kosa la Shirika au la mtumishi wake, abiria hurudishiwa nauli yote, na anaweza kudai hasara nyingine yoyote anayoweza kuithibitisha kwa maandishi.

Sababu ya kuchelewa kwa treni yako imeandikwa hivi kwenye daftari la safari: "Kosa la mtumishi. Dereva alikataa kuvuka bila sababu ya msingi na akakaidi amri aliyopewa kwa redio." Treni ilirudishwa nyuma jioni hiyo; njia ilikaguliwa siku iliyofuata ikaonekana salama. Dereva amesimamishwa kazi tangu tarehe 1 Aprili na shauri lake litasikilizwa tarehe 14 Mei.

Kwa hiyo dai lako lina nguvu. Ukituletea mkataba wako na chuo, unaweza kulipwa thamani ya kazi uliyoipoteza, pamoja na ya mwaka ujao ikiwa mkuu wa chuo atathibitisha kwamba aliikatisha kwa sababu hiyo.

Naambatisha fomu ya hasara. Ijaze kwa wino mweusi, usiache mstari wazi.

Wako katika kazi,
Karani wa Madai
Dirisha Namba Nne


17 Aprili

Bwana Karani,

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, na ukumbi mzima wa soko ulisikia vigelegele. Mmoja wao, ndiye mwepesi wa hesabu, alichukua chaki ya kuchorea vitambaa akaandika ukutani: kodi, umeme, cherehani ya kudarizi. Akaipigia mstari ile ya kudarizi. Nakushukuru kwa barua iliyonyooka. Sikutegemea kwamba katika ofisi ile kuna mtu anayejibu alichoulizwa.

Nikakaa kujaza fomu. Mstari wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu unasema: "Eleza kosa la mtumishi kama ulivyoliona." Hapo kalamu ilisimama. Imesimama siku tatu. Wenzangu wanadhani nimekosa wino mweusi.

Ngoja nikueleze nilivyoliona, halafu wewe uliyesomea fomu uniambie niandike nini.

Nilikaa behewa la kwanza, dirishani, nyuma tu ya injini. Tuliposimama nilimwona dereva anashuka. Mtu mzima, mvi zimeshamkaa, koti la mvua limefungwa kifungo kimoja kati ya sita. Mimi huona vifungo kabla sijaona uso. Alitembea mbele na fimbo ya chuma. Akachuchumaa, akachoma chini ya reli, akasogea hatua moja, akachoma tena. Akainama kuangalia maji upande wa juu, akavuka kuangalia upande wa chini. Aliporudi alikuwa kalowa chapachapa na magoti yana tope. Wanaume walikuwa wameshashuka, wakamzunguka.

"Mzee, tatizo nini?" mmoja akamwuliza.

"Njia siiamini."

"Huiamini, au macho hayaoni?"

Watu wakacheka. Redio ndani ya injini ilikuwa inapiga kelele, wote tuliisikia: vuka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Akapanda, akajibu, "Nimekagua kwa mkono wangu. Sivuki." Ikarudia. Naye akarudia. Mara nne, nilihesabu.

Hapo nami nikatia langu, na hili sikuliandika katika barua ya kwanza. Nilitoa kichwa dirishani nikasema kwa sauti ya juu, wenzangu wasikie, "Mwoga mkubwa wewe. Kama kazi imekushinda, kaa nyumbani ulee wajukuu." Aliniangalia. Hakukasirika. Akasema, "Nitukane, mama. Nitukane mpaka uchoke. Ila utanitukania upande huu."

Watu walicheka tena, safari hii na mimi nikiwamo kwenye kuchekwa, nikazidi kuvimba. Ndipo nikashuka. Mtu mmoja muuza viatu akanisaidia furushi moja, tukavuka lile daraja kwa miguu ili kufika barabarani upande wa pili. Bwana Karani, katikati ya daraja mguu wangu wa kushoto ulizama kati ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, mpaka pajani, na chini haukugusa kitu. Sikugusa kokoto, sikugusa udongo. Maji tu, tena yanavuta. Muuza viatu alinivuta kwa mkono wa blauzi na mshono ukafumuka. Niliposimama niliangalia. Mataruma matano yalikuwa yananing'inia kwenye reli kama nguo kwenye kamba. Hayakukalia kitu.

Niliona, nikapita. Kichwani mwangu mlikuwa na sare thelathini na moja na saa sita mchana. Sikuwahi kukaa chini nikajiuliza, injini nzima ingepita pale pangekuwaje, na mimi nikiwa behewa la kwanza.

Wewe unasema njia ilikaguliwa ikaonekana salama. Mguu wangu una alama mpaka leo.

Sasa niandike kosa lipi? Na huyo dereva ni mtu wa namna gani? Ana watoto? Wanaendeleaje tangu asimamishwe?

Fundi Cherehani


22 Aprili

Kwa Fundi Cherehani.

Barua yako ya tarehe 17 imepokelewa.

Swali kuhusu familia ya mtumishi siwezi kulijibu.

Kuhusu mstari wa tatu, sitakuambia uandike nini. Siruhusiwi kumshauri mdai, na kwa dai hili sipaswi hata kidogo. Ninachoweza ni kukueleza kanuni inasemaje, kwa sababu hiyo ni haki yako.

Ukiandika "dereva alikataa kuvuka" ukaishia hapo, hutakuwa umesema uongo wowote. Ndivyo walivyojaza wenzako mia moja na kumi, na wengi wao wameshalipwa. Nawe utalipwa, nauli na hasara, kabla ya mwisho wa Mei.

Ukitaka yale uliyoniandikia yatambuliwe, inabidi uyaandike upya kama ushahidi, uweke sahihi kila ukurasa, na upate shahidi wa pili aliyeona kwa macho yake. Vifike hapa kabla ya tarehe 8 Mei, nami nitavipeleka kwenye jopo la shauri kama nilivyovipokea, bila kuongeza wala kupunguza. Jopo likiukubali ushahidi huo, sababu ya kuchelewa itabadilishwa kuwa mafuriko. Soma vizuri hapa, Fundi: ikiwa ni mafuriko, huna fidia. Hutalipwa nauli kwa kucheleweshwa, hutalipwa kazi ya mwaka huu wala ya mwaka ujao. Ushahidi wako utakuwa umelifuta dai lako mwenyewe.

Tafadhali usiamue kwa haraka. Zungumza na hao unaofanya nao kazi, maana na wao inawahusu. Chochote utakachoamua, hakuna mtu katika ofisi hii mwenye haki ya kukulaumu.

Wako katika kazi,
Karani wa Madai
Dirisha Namba Nne


1 Mei

Bwana Karani,

Nilifanya ulivyosema, nikazungumza na wenzangu. Niliwasomea barua yako yote. Wawili walirudi kwenye vyerehani vyao. Wa tatu, yule wa chaki, aliniuliza, "Huyo dereva ni ndugu yako?"

Nikasema, "Simjui hata jina."

"Basi yeye ana shirika lake na chama chake cha wafanyakazi. Sisi tuna wewe tu."

Nilimwambia nilichokuwa nacho. Nilimwambia kwamba tangu barua yako ya kwanza, kila nikikaa kwenye cherehani, mguu wangu wa kushoto ukikanyaga kikanyagio unakumbuka pale palipokosa chini. Nilimwambia yule mzee alisimama mbele ya watu mia tatu wanaomzomea, wakubwa wake wakimfokea redioni, na hakupandisha hata sauti. Mimi mteja mmoja tu akinijia juu kwa sababu ya upindo, nafumua na kushona upya siku nzima. Nikasema mtu wa namna ile sitaweka sahihi kwamba alikosa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Jumatatu hakuja kazini. Amepata nafasi kwa fundi mwingine, upande wa pili wa soko. Nimempa cherehani aliyokuwa anaitumia aende nayo, maana aliizoea.

Shahidi wa pili alinisumbua zaidi. Nilikumbuka tu kwamba yule mwanamume alikuwa na viatu vya kiume vimefungwa kwa kamba jozi jozi. Nimezunguka masoko matatu. Nilimpata Alhamisi, anabandika soli. Alinikumbuka kwa ile blauzi.

"Dada, mimi fidia nimeshalipwa," akasema. "Na hii ngozi unayoiona ndiyo hiyo fidia. Nikienda kusema ni mafuriko, si watanidai?"

Nikasema sijui, inawezekana.

Akabandika soli nzima. Akaigonga, akaikunja kuona kama imeshika. Halafu akaniuliza, "Kwani uliona mataruma mangapi?"

"Matano."

"Yalikuwa sita. La sita lilikuwa nyuma yako, wewe ulikuwa unalia." Akafuta mikono kwenye aproni. "Leta karatasi."

Kwa hiyo utaona katika ushahidi wangu nimeandika matano na katika wake ni sita. Usiyasawazishe. Kila mtu aliona yake. Na sikuwa nalia, ilikuwa mvua.

Fomu ya hasara nairudisha wazi. Samahani kwa mistari iliyobaki.

Fundi Cherehani


16 Mei

Kwa Mama Fundi,

Salamu nyingi. Hatujawahi kujuana, ila tumeshazungumza mara moja. Mimi ndiye dereva wa treni ya tarehe 30 Machi. Wenzangu kazini huniita Mzee Breki, na si kwa kunisifu.

Juzi shauri langu lilisikilizwa. Uamuzi bado, watautoa baadaye. Nimeona nisiungoje ndipo nikuandikie, usije ukadhani shukrani yangu inategemea nimeshinda au nimeshindwa. Mwenyekiti alisoma barua yako yote kwa sauti. Alipofika kwenye yale maneno yako ya dirishani aliniangalia kwanza. Nikamwambia aendelee, nayakumbuka. Nakukumbuka na wewe. Ulikuwa na futi ya kupimia shingoni na hukuivua hata kwenye mvua.

Hukukosea sana uliponiita mwoga. Niliogopa. Nina miaka thelathini na mmoja kwenye injini na siku ile niliogopa kuliko siku zote. Nilipoangalia upande wa juu wa daraja, maji yalikuwa ya kahawia, kama kila mvua. Upande wa chini yalikuwa yanatoka na vijiwe vyeupe. Vile ni vya kwetu, vinakaa chini ya reli. Nikajua njia inaliwa kwa ndani. Fimbo yangu ilikuwa inazama nusu tu, kwa hiyo sikuwa na cha kuwaonyesha wakubwa. Nilikuwa na wasiwasi wangu tu, na wasiwasi hauandikwi kwenye daftari la safari. Mguu wako ulifika mahali ambapo fimbo yangu haikufika.

Baada ya barua zenu mbili kusomwa, mwenyekiti aliagiza daftari la mafundi wa njia. Wakalileta. Jioni ya tarehe 30, kabla ya ule ukaguzi, pale darajani yalimwagwa mabehewa mawili ya kokoto. Yaliandikwa "matengenezo madogo". Mwenyekiti alimwuliza msimamizi wa njia kama ana kawaida ya kumwaga mabehewa mawili mahali pasipo na shimo. Yule bwana akaomba maji ya kunywa.

Sasa kuna jambo ambalo nadhani hulijui, kwa kuwa kwenye barua zako unaandika "Bwana Karani". Huyo karani ni binti yangu, mtoto wangu wa pili. Ile "Kosa la mtumishi" iliyo kwenye faili lako na mafaili yote mia moja na kumi na moja, yeye ndiye aliyeinakili kwa mkono wake. Mwenyekiti alipouona mwandiko akamwita, akamwuliza kama anamfahamu dereva. Akasema, "Ni baba yangu. Nilimwarifu mkuu wangu kwa maandishi tarehe 2 Aprili, nakala hii hapa. Niliomba mafaili haya apewe mwingine. Nilijibiwa hakuna mwingine, niendelee." Mkuu wake alikuwapo na hakukanusha.

Tunaishi nyumba moja, Mama Fundi. Tunakula meza moja kila siku. Tangu Aprili hakuniambia hata neno moja kwamba kuna mtu anaandika kuhusu mguu wake. Zamani akirudi kazini alikuwa ananiuliza safari, na mimi namwuliza watu wa dirishani. Ghafla akaacha. Akila, anatoa vyombo, anaingia chumbani kwake. Mimi nikajua ananionea aibu. Nilikaa na wazo hilo wiki sita na liliniuma kuliko kusimamishwa kazi. Kumbe alikuwa amejifunga mdomo ili ushahidi wako ufike safi, mtu asije kusema baba na binti waliupika nyumbani.

Nimekuandikia wewe kwanza. Yeye bado sijajua nimwambieje.

Asante. Pole kwa wauguzi wako.

Dereva


21 Mei

Mwanangu Karani,

Nisamehe ule "Bwana". Mwandiko wako umesimama wima kama wa mtu mwenye masharubu.

Baba yako ameniandikia. Nimeisoma barua yake mara tatu, na kila mara nikifika mahali pa meza ya chakula naiweka chini kwanza. Nimezitoa barua zako zote mbili nikazipanga kwenye meza ya kukatia nikazisoma upya, sasa najua ni nani anayeandika. Nilikuuliza, "Ana watoto? Wanaendeleaje?" Ukanijibu huwezi kujibu. Nilikukasirikia siku ile, nikamwambia mwenzangu kwamba huyu mtu ana moyo wa stapla.

Tena wewe ndiye uliyenieleza, mstari kwa mstari, jinsi ninavyoweza kulipwa ikiwa baba yako ana kosa. Wewe ndiye uliyeniambia nisiamue kwa haraka. Neno moja tu la kunihurumisha lingetosha, na ningekimbia kuandika ushahidi siku hiyo hiyo. Hukuliandika. Mimi nimeshona nguo miaka ishirini na sita, najua kazi iliyonyooka upande wa nje na kazi iliyonyooka mpaka ndani ambako hakuna atakayegeuza kuangalia. Yako ni ya pili.

Sina la kukufundisha. Nina ombi moja tu, la mtu mzima kwa mtoto wa mwenzake. Shauri limeshasikilizwa, karatasi zimeshatoka mikononi mwako. Nenda ukamwulize baba yako habari za safari. Hata kama hana safari kwa sasa, mwulize za zamani. Yeye anadhani hajui aanzie wapi.

Kazini tunaendelea. Tumebaki watatu, tuna mapazia ya ukumbi mmoja mkubwa, mita mia mbili na arobaini za kitambaa kizito. Vidole vinauma lakini kodi ya Juni ipo.

Mama yako,
Fundi


8 Juni

Mama Fundi,

Shikamoo.

Nianze na ya ofisini, halafu niseme yangu.

Uamuzi umetoka. Sababu ya kuchelewa kwa treni ya tarehe 30 Machi imebadilishwa kuwa mafuriko, na maneno "kosa la mtumishi" yamefutwa kwenye mafaili yote. Nimeyafuta mwenyewe, faili moja moja, kwa rula. Baba amerudishwa kazini na mshahara wake wa miezi miwili. Msimamizi wa njia amehamishwa, na ile redio sasa hairuhusiwi kumwamuru dereva avuke mahali ambapo yeye amekagua na kukataa. Wenzako wote mia moja na kumi walikwisha kulipwa kabla ya uamuzi, nao hawatadaiwa. Tafadhali mwambie muuza viatu aendelee na ngozi yake.

Anayebaki ni wewe. Kati ya wadai mia moja na kumi na moja, uliyesema yote ndiye usiyepata fidia. Nimeandika barua ya kupinga hilo kwa mkuu wangu, safari hii kwa jina langu, kwa sababu sasa naruhusiwa kuwa na maoni. Amenijibu kwamba kanuni ni kanuni. Basi nikaisoma kanuni yote, kurasa hamsini na nne, nikakuta kifungu cha thelathini na saba ambacho hapa dirishani hakuna aliyewahi kukitumia. Kinasema abiria ambaye treni haikumfikisha, kwa sababu yoyote ile, hurudishiwa nauli ya sehemu ya safari ambayo hakusafirishwa, pamoja na tiketi ya kurudi isiyotumika na ushuru wa mizigo. Kwa sababu yoyote ile, Mama Fundi. Hata mafuriko. Nimepima kwenye ramani kutoka lile daraja hadi kituo chako cha mwisho. Hundi imo ndani ya bahasha hii. Najua ni ndogo mbele ya sare thelathini na moja, na sitajifanya kwamba inalingana. Lakini ni yako kwa haki, na abiria wengine wa treni ile ambao hawakuwa wamedai kitu nimewaandikia wote waje kuchukua ya kwao.

Sasa yangu.

Nilifanya ulivyoniomba. Nilimkuta baba anapiga kiwi viatu vya kazi, ingawa barua ya kurudishwa ilikuwa haijafika. Nikakaa kwenye ngazi, nikamwuliza, "Baba, kwani ilikuwaje siku ile?" Aliendelea kupiga kiwi muda mrefu. Halafu akasema, "Maji yalikuwa yanatoka na vijiwe vyeupe." Akaanza. Chai ilipoa, tukaichemsha tena, akawa bado yuko kwenye ile redio. Nilikuwa nimeshayasoma yote kwenye barua yako na kuyasikia kwenye jopo. Nilisikiliza kama mtu asiyejua.

Alirudi kazini Jumatatu. Alivaa sare, akafunga vifungo vyote, akatoka. Mimi ofisi yangu iko ghorofani juu ya stesheni ile ile, na katika miaka tisa sijawahi kushuka kumwangalia akiondoka. Yeye alikuwa kazini na mimi nilikuwa kazini. Jumatatu nilifunga dirisha namba nne, nikaweka kile kibao cha "Nitarudi", nikashuka.

Jukwaa lilikuwa limejaa. Palikuwa na mama mwenye magunia ya vitunguu anagombana na mchukuzi, na bwana mmoja anayelalamika kwamba saa ya stesheni iko nyuma. Hakuna aliyekuwa anamjua mtu aliye ndani ya injini. Nilisimama mbele kabisa, pale mwisho wa jukwaa, ili anione. Hakuniona. Alikuwa ameegemea dirisha, anaangalia ishara, kama inavyotakiwa. Ishara ikashuka. Akapiga honi moja fupi, na saa moja na dakika ishirini kamili treni ikaondoka, polepole kwanza, halafu kwa mwendo wake. Nilibaki pale mpaka behewa la mwisho likapita, halafu nikapanda juu kufungua dirisha. Palikuwa na watu wanne kwenye foleni, na wa kwanza alikuwa na tiketi mkononi.

Mwanao,
Karani wa Madai